Asiyehesabiwa Hajarudi

Usiku wa kuamkia leo niliota kwamba raba zangu zimeshuka zenyewe kutoka juu ya kabati, zikaja kusimama kando ya kitanda. Zilikuwa zimepangana vizuri, kama wageni waliokuja kutoa pole.

"Amka," ikasema ya kushoto. "Tunachelewa."

Ya kulia haikusema kitu. Ya kulia imenuna tangu mwaka jana.

Niseme kwanza mambo yalivyo, usije ukadhani nimechanganyikiwa. Mimi ni Subilaga, fundi cherehani wa hapa Tukuyu, mji ambao mvua yake haina msimu, ina mapumziko tu. Nilikuwa mwanachama wa Mguu Sawa, klabu yetu ya joging. Tunakutana kila Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi uwanja wa shule, tunakimbia kuzunguka mashamba ya chai, tunarudi kunywa uji wa tangawizi. Hakuna anayetafuta medali. Tunatafuta pumzi na umbea.

Kazi yangu ilikuwa kukimbia nyuma ya wote, nihakikishe hakuna aliyebaki njiani. Nikishaingia uwanjani mimi, napaza sauti: "Mwisho!" Hapo Kapteni Bupe anafunga daftari na sufuria ya uji inafunuliwa. Walinichagua kwa ajili ya sauti, maana nina sauti ya kuita ng'ombe wa kijiji cha pili.

Miezi minane sasa sijakimbia. Watu nimewaambia ni goti. Leo ndiyo siku niliyoahidi kurudi, na jana nilipanda kitandani mapema nikajigeuzageuza mpaka shuka likavuka upande wa pili.

"Nitoe vibanio," ikasema raba ya kushoto.

Ni kweli, miezi yote hiyo nimeifanya kopo la vibanio vya nguo. Nikaimimina. Vikatoka vibanio, vikatoka na vingine, kikatoka kitasa, kisha yakatoka maji, kiasi cha ndoo nzima.

"Hayo maji si yangu," nikasema.

"Ni ya siku ile. Hukutukausha."

Nikazivaa. Nikachukua jaketi la mvua, lile la bluu nililolishona kwa mkono wangu, nikavuta kamba ya kofia mpaka ikanibana chini ya kidevu. Kamba hiyo ni ya njano kwa sababu ya bluu ilikuwa imeisha dukani. Nikataka kusimama, goti la kulia likakataa.

Naangalia chini ya blanketi. Goti limejilaza, limejifunika mpaka juu, limejifunga bandeji. Chumba kizima kinanuka dawa ya kuchua.

"Twende," naliambia.

"Mimi mgonjwa."

"Huumwi kitu wewe."

"Naumwa. Umewaambia watu mwenyewe. Umemwambia Kapteni, umemwambia mchungaji, umemwambia dada yako wa Mbeya kwa simu, tena kwa sauti ya kuumwa. Miezi minane unanisingizia. Nimeshazoea."

Nililiacha pale, nikatoka na mguu wa kulia usiokunjika, mkakamavu kama mpini wa jembe.

Nilifungua mlango nikitegemea kuona uchochoro wetu. Nikaona uwanja wa shule.

Wanachama wote wapo. Wamesimama mstari mmoja kwenye mvua, wamevaa fulana zetu za kijani, na mabegani mwao umeota uyoga. Sufuria ya uji inachemka chini ya baraza, kifuniko hakijaguswa. Pembeni amekaa bibi harusi na mama yake, wamejikinga kwa turubai, kila mmoja ameshika pembe yake.

Kapteni Bupe amesimama mbele na daftari. Huyu ni muuguzi wa wodi ya watoto, mtu wa kuhesabu kila kitu mara mbili, hata ngazi za nyumbani kwake.

"Leo tarehe ngapi?" namuuliza.

"Ileile," anasema. "Ni Jumamosi ile. Haijaisha."

"Jumamosi ipi?"

Ananiangalia jinsi anavyomwangalia mtoto anayesema hajala pipi.

"Na hawa?" nauliza, nikimwonyesha bibi harusi.

"Harusi yake ni Jumapili," anasema Kapteni. "Anaingoja."

Bibi harusi ananipungia mkono. Hana kinyongo, kachoka tu. Mama yake ndiye mwenye kinyongo.

Klabu yetu ina sheria tatu, zimeandikwa kwa wino mwekundu kwenye karatasi ya manila iliyobandikwa barazani: Wa nyuma hampiti mtu. Mvua si udhuru. Asiyehesabiwa hajarudi. Sheria ya tatu ilikuwa inametameta, wino unachuruzika, lakini herufi haziishi.

"Tulitoka ishirini na watatu," anasema Kapteni. "Hapa tuko ishirini na wawili. Nimehesabu mara mbili, kisha mara mbili tena."

Hakutaja jina, na mimi sikuuliza. Nilimjua.

Ni Ambokile, kinyozi wa pale karibu na posta, mtu wa miaka sitini na mbili, mfupi, mwenye kitambi kinachotangulia. Katika klabu yeye ndiye wa mwisho kila wiki, na sababu si kitambi. Ni salamu. Ambokile hapiti mtu bila kumsalimia, na hamsalimii mtu bila kumuuliza habari za nyumbani, za ndama, za jino lililokuwa likimsumbua mwezi uliopita. Kukimbia nyuma ya Ambokile ni kusimama nyuma ya Ambokile.

Jumamosi ile mvua ilikuwa inapiga ya kweli. Nilikuwa nimelowa mpaka mifupa, vidole sivisikii. Kwenye kona ya chai, mita mia tatu tu kabla ya uwanja, Ambokile akasimama kumsalimia mama anayeuza ndizi chini ya nailoni. Nikamwangalia. Nikasema moyoni, huyu atakuja, anajua njia. Nikampita. Nikaingia uwanjani mbio, nikapaza sauti, "Mwisho!" Kapteni akaniamini, akafunga daftari. Tulikunywa uji chini ya bati, bati linapigwa na mvua, hatusikii hata tunachosemeshana. Ambokile alikuwa ameteleza kwenye mtaro wa kona, upande ambao mama wa ndizi haoni wala hasikii kwa mvua, mguu umevunjika juu ya kifundo. Alilala humo saa nzima na nusu mpaka wachuma chai walipomwona.

Watu wote walisema, "Mvua ile jamani!" Hakuna aliyeniuliza. Na mimi nikasema, "Mvua ile!" Nikaona aibu, nikaanza kuumwa goti.

"Lakini alirudi," namwambia Kapteni. "Alibebwa. Alifungwa plasta, ikatolewa, namwona kwa mbali akitembea na fimbo. Kibanda chake cha kunyolea amekifungua tena."

"Alihesabiwa?"

"Hapana."

"Basi hajarudi." Anageuza ukurasa. "Na hili ni lako, lichukue. Linalowesha daftari."

Katikati ya kurasa mbili limelala lile neno langu, Mwisho. Dogo kuliko nilivyolikumbuka, limejikunja, linapumua kwa shida.

"Halikutufaa," anasema Kapteni. "Lilikuja kabla ya wakati. Liweke mdomoni, uende ukamlete. Lakini usifungue mdomo njiani. Likitoka kabla hajaingia hapa, njia itafungwa naye akiwa huko huko, na safari hii haitafunguliwa."

Nililiweka mdomoni. Lilikuwa baridi, lina ladha ya msumari, na lilikuwa halitulii. Nikaanza kukimbia.

Mtu aliyekaa miezi minane bila kukimbia anajua hali hiyo hata akiwa macho. Pumzi inaisha kabla ya mguu, mguu unaisha kabla ya nia. Mimi nilikuwa na pua tu ya kupumulia, goti moja, na neno linalorukaruka kwenye shavu. Mita mia tatu zile zilikuwa mbali kuliko Mbeya.

Kwenye njia panda ya kwanza nilimkuta Mvua. Alikuwa mwanamke mnene aliyekaa kwenye kiti cha plastiki, ameshika mwavuli, na bahasha kubwa ya kaki iko mapajani. Chini ya mwavuli wake ndiko kulikonyesha. Nje kulikuwa kukavu.

"Subilaga," akasema. "Nimekuja kulalamika. Nimeandikwa kwenye sheria kwamba mimi si udhuru, na nyinyi kila siku mnanitaja. Mvua ile, mvua ile. Siku ile nilinyesha kawaida kabisa. Vipimo vyangu vimo humu." Akagonga bahasha. "Mwenye baridi alikuwa wewe. Kweli au uongo?"

Neno likagonga meno. Nikakaza midomo.

"Nakuuliza."

Nikatikisa kichwa, nikaitikia kwa kichwa, vyote kwa pamoja.

"Hata salamu hunipi!" akasema Mvua, na alikuwa ameumia kweli. Akafunga mwavuli, na mvua yote iliyokuwa chini yake ikanimwagikia mimi.

Hapo ndipo nilipoelewa adhabu yangu. Hapa kwetu salamu si kitu cha kutupa ukiwa unapita. Mtu asiyeitikia salamu ni afadhali angeiba kuku, kuku atasamehewa. Na ndoto nzima ikaanza kunisalimia.

"Umeamkaje?" kikauliza kibao cha kilomita.

Nikapita.

"Habari za asubuhi, fundi?" ukasema mparachichi. "Za cherehani?"

Nikapita.

Ng'ombe watatu waliofungwa kando ya njia wakanyanyua vichwa kwa pamoja, wakaanza na salamu ya Kinyakyusa. "Ndaga, Subilaga. Goti linaendeleaje?"

Nikapita, machozi yananitoka kwa fedheha. Nyuma yangu nasikia ng'ombe wanaambiana, "Ana maringo siku hizi." Kibao kikasema, "Tangu ashone zile sare za kwaya." Maneno hayo yakanipita yakanitangulia, mepesi, hayahemi hata kidogo. Kila nilikofika nilikuta yamefika.

Njia ikakata kona ikaingia kwenye kibanda changu cha ushonaji. Sikushangaa. Nikakimbia kati ya meza na ukuta, cherehani ikiniita, "Bosi, bosi, sketi ya mwalimu!" Nikatokea mlango wa nyuma, na mlango wa nyuma ulikuwa mlango wa mbele wa kibanda cha kunyolea cha Ambokile.

Sijaingia humo miezi minane. Kuna kiti kile chekundu, kalenda, na kioo kirefu. Kitini amekaa mteja, shuka shingoni, kichwa kimenyolewa upande mmoja. Anasoma gazeti la siku ile.

"Shikamoo haitolewi siku hizi?" kikauliza kiti.

"Mwache," akasema mteja bila kuinua macho. "Tumeshaambiwa habari zake." Kisha akageuza ukurasa. "Ukimwona mwenye kazi, mwambie upande wa kushoto bado. Sina haraka, ila Jumapili ninayo harusi."

Kwenye kioo sikujiona. Niliona miche ya chai, kijani hadi ukungu unapoanzia, na mvua inashuka taratibu. Nikapanda kwenye rafu ya mashine za kunyolea, nikaingia kiooni kwa mguu usiokunjika, kisha kwa ule mwingine.

Kona ya chai. Mtaro ule. Mama wa ndizi chini ya nailoni yake.

Na Ambokile huyo hapo, katikati ya shamba, na fulana yake ya kijani. Ameinama kidogo kuelekea mche wa chai, mikono imefumbatana.

"Na watoto wote wazima?" anauliza. Mche unatikisika. "Vizuri, vizuri. Na yule wa pembeni, aliyekuwa na wadudu?" Mche unatikisika tena. "Namshukuru Mungu."

Anasogea mche unaofuata. "Hujambo, mama?"

Nyuma yake miche yote imekwisha kusalimiwa, maelfu kwa maelfu. Unaweza kuona ilipoishia, kwa sababu iliyosalimiwa imechangamka zaidi.

Akaniona. Uso ukamfunguka, na huo ndio uliokuwa uchungu wangu mkubwa. Nilijiandaa kwa mtu aliyekasirika. Sikujiandaa kwa mtu aliyefurahi kuniona.

"Subilaga! Hujambo, mwanangu?"

Neno likaruka mpaka kwenye meno ya mbele. Nikaziba mdomo kwa viganja viwili.

"Hujambo?" akarudia. "Za tangu asubuhi?"

Namwashiria kwa mkono, twende, twende. Namwonyesha uwanja. Anatikisa kichwa kwa upole.

"Siwezi, mwanangu. Salamu iko hewani. Nikiondoka kabla hujaipokea, itabaki hapa peke yake, inanyeshewa. Unanijua."

Ninamjua. Angekaa pale miezi mingine minane, kwa adabu tu. Mashavu yamenivimba, neno linasukuma, kifua kinawaka. Nikisema sijambo, ninamfungia njia. Nisiposema, haondoki. Mvua inanyesha. Mama wa ndizi ananitazama. Miche yote ya chai inanitazama.

Nikasikia mtu anahema nyuma yangu.

Lilikuwa goti. Limekuja lenyewe njia nzima, bandeji inaburuzika kwenye tope, limechoka vibaya.

"Nimesikia kuna kazi yangu," likasema.

Likajipachika mahali pake. Halikuwa na maumivu yoyote, halijawahi kuwa nayo. Na hapo nikakumbuka jinsi mama yangu alivyowasalimia wakubwa, kabla sisi wa mjini hatujabaki na maneno matupu. Nikapiga magoti. Yote mawili, kwenye tope la kona ile, kando ya mtaro ule, nikainamisha kichwa mbele ya kinyozi Ambokile. Nililia kwa pua, maana mdomo haukuwa wangu. Nilikuwa ninamwomba radhi na ninamwitikia salamu kwa wakati mmoja, na sikuona tofauti.

"Marahaba," akasema Ambokile juu ya kichwa changu, ingawa sikuwa nimesema kitu. "Marahaba, mwanangu. Sasa tunaweza kwenda."

Lakini nilipokuwa nimeinama hivyo nikaona raba yake ya kushoto imeachama. Kamba imekatika vipande vitatu.

"Ilikatika hapo hapo mtaroni," akasema. "Na mguu wenyewe, kuinama siwezi."

Mimi ni fundi. Nikavuta ile kamba ya njano ya kofia yangu. Ilikuwa haichomoki, kwa sababu nilikuwa nimeibana katikati kwa uzi mweupe, mishono kumi na miwili, niliyoipiga mwenyewe ili isije ikapotea. Nikavuta kwa nguvu. Mishono ikakatika mmoja mmoja, kila mmoja ukisema, "Pole, pole." Nikaipitisha kamba kwenye matundu ya raba yake, nikafunga kwa fundo langu la kazi, lile la kurudia mara mbili.

Nikamwashiria kwa mkono, tangulia.

Akatangulia.

Hatua kumi na mbili. Nilizihesabu. Kisha akasimama mbele ya mama wa ndizi.

"Umeamkaje, mama? Baba watoto hajambo? Na lile jino?"

Mama wa ndizi akaanza habari za jino. Lilianza Jumatatu. Hapana, lilianza Jumapili jioni, baada ya mahindi ya kuchoma. Kofia yangu haina kamba, imeanguka mgongoni, na matone yananishuka uti wa mgongo moja baada ya jingine. Uwanja nauona. Nauona moshi wa uji. Miguu yote miwili inawashwa, inapiga hatua papo hapo kwenye tope. Raba ya kulia, iliyonuna tangu mwaka jana, ikafungua mdomo kwa mara ya kwanza.

"Mpite," ikasema. "Anajua njia."

Nikatazama chini, nikaitambua sauti. Ilikuwa yangu.

Nikasimama. Sijawahi kufanya mazoezi magumu kuliko hayo. Jino likang'olewa, likaota uvimbe, uvimbe ukapasuliwa, daktari akasifiwa, ukoo wa daktari ukaulizwa ulipotoka. Mimi nimesimama nyuma, nimefunga mdomo, nanyeshewa. Hatimaye Ambokile akasema, "Haya mama, tutaonana," akasogea. Nikasogea.

Njia nzima alisalimia kwa ajili ya wawili. Ng'ombe, mparachichi, kibao cha kilomita. "Msimkasirikie huyu," aliwaambia, "ana neno mdomoni." Wakanisamehe papo hapo. Hata Mvua, aliyekuwa amerudi kwenye kiti chake, akakunja bahasha akaitia kwapani.

Tukaingia uwanjani kwa mwendo wa kutembea. Mama wa bibi harusi akasimama. Kapteni Bupe akaweka kalamu kwenye karatasi.

"Ishirini na tatu!" akasema Ambokile.

Kapteni akaandika. Akahesabu mara mbili. Kisha wote wakanigeukia mimi, watu ishirini na wawili na uyoga wao, na kimya kikawa kikubwa hata mvua ikasimama katikati ya hewa kusikiliza. Nikavuta pumzi, nikafungua mdomo.

Niliamka mdomo ukiwa wazi, taya linaniuma. Neno halikutoka.

Nje mvua inanyesha, saa kumi na moja na dakika arobaini. Raba zangu zilikuwa juu ya kabati, kavu, ya kushoto imejaa vibanio. Goti liko mahali pake. Nikajicheka. Ningeweza hata kuvuta shuka, niseme kwa Kapteni kwamba limenirudia, na angenipa pole.

Nikamimina vibanio, nikavaa raba. Nikachukua jaketi kwenye msumari, nikanyanyua kofia, mkono ukaenda chini ya kidevu kutafuta kamba.

Hakuna kamba. Ndani ya pindo la kofia umebaki uzi mweupe, umekatika vipande vidogo. Nikavihesabu kwa ukucha. Kumi na viwili.

Nikatafuta sakafuni, nikatafuta chini ya kitanda, kisha nikaacha kutafuta.

Nyumba ya Ambokile ni ya tatu kutoka kwangu, upande wa juu. Miezi minane nimekuwa nikizunguka njia ya sokoni ili nisipite pale. Leo nilipita. Taa ya baraza ilikuwa inawaka, naye amekaa kwenye kigoda, amevaa fulana ya kijani, fimbo iko pembeni. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba na yeye leo anarudi.

Raba ya kulia ilikuwa na kamba nyeusi. Ya kushoto ilikuwa na kamba ya njano, imefungwa kwa fundo la kurudia mara mbili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo." Nikashangaa jinsi lilivyo jepesi. Kisha nikasema lililobaki, harakaharaka, kabla goti halijapata wazo. "Baba, siku ile nilikupita. Ulikuwa unamsalimia mama wa ndizi, mimi nasikia baridi, nikakupita. Nikasema mwisho na wewe uko nyuma. Na goti langu ni zima. Limekuwa zima siku zote. Nisamehe."

Aliivuta ile kamba ya njano kwa kidole, kuona kama imekaza.

"Nilikusikia," akasema. "Nimo mtaroni, nasikia, 'Mwisho!' Nikasema, huyo Subilaga, ana sauti. Nikajua basi utahesabu tena, utaona nimepungua, utakuja." Akashika fimbo. "Nikakungoja."

Akanyanyuka polepole. Nikampa mkono, akaupokea, akauachia alipokwisha kusimama sawa.

"Sasa umekuja," akasema. "Twende, saa inatuacha."

"Tangulia, baba."

Akatangulia. Tulikuwa hatujamaliza hata ua wake, jirani akafungua dirisha, na Ambokile akasimama kumuuliza habari za ndama. Kofia yangu ikaanguka mgongoni. Nikasimama nyuma yake, maji yananiingia shingoni, nikangoja amalize.